Nimepewa mashine ya kupumulia usiku, nimwambie bosi au nikae kimya?

Habari za kazi dada mshauri. Mimi ni dereva wa semi, umri 47, mke mmoja na watoto wanne, kwangu ni Mlandizi. Napiga ruti ya Dar kwenda Tunduma na mara nyingi navuka mpaka Lubumbashi na Kolwezi. Udereva ndo kitu pekee nachokijua vizuri, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho, manake ukiishia katikati utaniona mtu mzima naogopa bomba la plastiki.

Mimi nakoroma toka ujana. Baba alikoroma, babu alikoroma, nikajua ni ya ukoo. Utingo wangu wa sa hivi tukipaki anachukua godoro lake anaenda kulala chini ya tela, anasema suka bora mbu kuliko wewe. Tulikuwa tunacheka. Ila mwaka juzi mambo yakaanza kubadilika, naamka asubuhi kichwa kinagonga, mdomo umekauka, usiku nimeamka kukojoa mara tatu mara nne, na nikikaa tu hata kwa kinyozi nasinzia. Presha nameza dawa za aina mbili na bado inapanda. Mambo ya chumbani sitayasema hapa, mke wangu anayajua.

Huyo huyo mke wangu ndo aliyenisukuma hospitali. Alisema baba fulani wewe usiku unakata pumzi, unanyamaza kabisa mimi nabaki nahesabu, halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Nikambishia sana tu. Kilichonimaliza ni safari moja tunarudi na mzigo, Kitonga tumeshuka salama, tumefika mbugani Mikumi, saa nane mchana wala sio usiku, nikashtukia utingo kanikamata bega anapiga kelele suka suka, gari inaenda kulia na mimi macho yako wazi lakini sioni kitu. Mungu saidia mbele hakukuwa na mtu.

Hospitali Dar wakanipa kifaa nikalale nacho nyumbani, kina kitu cha kidoleni, mkanda kifuani na kabomba puani. Majibu yakatoka kwamba nina apnia ya usingizi, koo linajifunga nikiwa nimelala, na kwa saa moja pumzi inakatika au inapungua mara 41. Dokta akasema ikivuka 30 hiyo ni kali. Akaniandikia mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa kwa maski nikilala ili koo lisijifunge. Bei niliyotajiwa dada ni zaidi ya ada ya watoto wangu wote kwa mwaka, nikashukuru nikaondoka. Mpwa wangu yuko Houston huko Marekani akanitafutia iliyotumika, ya mzee mmoja alikuwa anauza, akaipa mtu anayekuja. Kwa hiyo mashine ninayo.

Sasa shida. Nikiivaa hewa inakuja kwa nguvu naona kama nazibwa, usiku naivua bila kujijua, asubuhi naikuta chini inavuma peke yake na tumbo langu limejaa gesi. Mtoto wa mwisho ananiita rubani. Mke wangu siku ya kwanza alicheka, siku zilizofuata akaanza kunigeuzia mgongo, na juzi akasema maski ile inamkumbusha shemeji yetu alivyokuwa wodini wakati wa korona kabla hajafariki. Nikakosa hata hamu ya kuiwasha.

La pili ni kazi. Bosi wangu ana gari chache, tunaishi kama ndugu, ila biashara ni biashara. Kuna mwenzetu macho yalimsumbua, akatolewa barabarani akawekwa yadi, posho za safari hana, anabaki na mshahara ambao haufiki tarehe 15. Mimi nikisema nina ugonjwa wa kusinzia si ndo nimejimaliza? Nisiposema, hii mashine nitaitumia wapi wakati nusu ya mwezi nalala ndani ya kichwa cha gari? Umeme wake vipi? Na tukikaa foleni Tunduma wezi wa dizeli hawalali, mimi nikilala usingizi mzito na maski usoni nitasikia nini?

Nimwambie bosi, au nitumie kimya kimya nikiwa nyumbani tu, au niache kabisa barabara nitafute kitu kingine? Nisaidie dada, sina wa kumuuliza asiyenicheka.

Dereva wa Tunduma

JIBU

Kaka yangu, pole na barabara na pole zaidi na usiku. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na sijaona mtu mzima anayeogopa bomba. Nimeona mtu ambaye kwa miaka hajalala, kaambiwa kwa nini, kapewa dawa ambayo haimezwi wala haichomwi, inavaliwa mbele ya mke na watoto na utingo. Hapo yeyote angechechemea kidogo.

Swali lako umeliweka kama moja, nimwambie bosi au nisimwambie. Mimi nikilisoma naona yapo matatu yamefungwa kamba moja, la mashine yenyewe, la mama watoto na la kazi, na naona la kazi limebebeshwa mzigo wa haya mengine. Ngoja nianze na yale mepesi, ila kabla ya hapo kuna kitu kimoja sitakizungushia. Ile ya Mikumi. Mpaka dokta akuambie usingizi wa mchana umedhibitiwa, usukani wa semi sio mahali pako kaka, na nasema hivi nikijua ada inalipwa na nini. Kahawa, enaji, redio kubwa, dirisha wazi, vyote hivyo havifungui koo lililojifunga usiku. Hata ukipaki ukalala dakika 20 utapata nafuu kidogo tu, manake bila mashine usingizi huo nao unakatika katika vile vile. Haya mengine yote tutajadiliana, hili nimeshindwa kuliona upande wa pili.

Sasa mashine. Unasema imekushinda, mimi nauliza, uliyojaribu ni mashine yako au ni ya yule mzee wa Houston? Mashine hizi zinasetiwa kwa mtu. Nyingi presha ya hewa inaanzia 4 mpaka 20 kwa kipimo chao, na mzee wa watu huenda alikuwa anahitaji 15 na wewe unahitaji 9, sasa ukiivaa hivyo hivyo ilivyotoka kwenye begi lazima uone unazibwa, na hewa ya ziada unaimeza ndo hiyo gesi ya asubuhi. Kuna za aina nyingine zinajipandisha na kujishusha zenyewe kulingana na koo lako, lakini hata hizo kuna mtu anaziwekea mipaka. Karibu zote zina sehemu ya kuanza pole pole, hewa inaingia kidogo wakati unatafuta usingizi halafu inapanda baadaye. Je hiyo imewashwa? Na maski ni saizi yako? Kuna maski za pua tu, kuna vile vidude vinakaa tu kwenye matundu ya pua, kuna zinazofunika pua na mdomo, na anayelala mdomo wazi akipewa ya pua peke yake hewa yote inatokea mdomoni na anaamka koo limekauka kama kawaida. Mengi ya hayo uliyoyaandika yanarekebishika kliniki kwa siku moja.

Na kuna jambo kubwa zaidi kuhusu mashine za mtumba, nakuomba uigeuze yako uone imeandikwa kampuni gani. Juni 2021 Philips walitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zao za kupumulia, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji iliyowekwa ndani kupunguza kelele ilikuwa inaoza na kubomoka, na mtu anaweza kuvuta vile vipande au kemikali zake. Zilizohusika ni zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa Aprili mwaka huo. Sisemi yako ni mojawapo, inaweza kuwa nzima kabisa na mpwa wako alikutakia mema, lakini watu wakiuziana mkononi nani anakagua? Namba ya mashine iko chini au nyuma, mtumie mpwa aiangalie huko huko aliko. Maski, bomba na filta nunua vipya hata kama mashine ni kuukuu, na ukipita barabara za vumbi filta iangalie kila wakati, ikishakuwa nyeusi badilisha.

Maji ya kile kitanki cha unyevu nayo nayasema kwa sababu nawajua madereva. Wanashauri maji yaliyochemshwa yakavunwa mvuke wake, hayana chumvi. Usije ukatumia maji ya betri, kuna chupa zinauzwa hivyo na ndani ni tindikali! Ukikosa, maji safi ya kunywa kwa siku chache sio mbaya, ila yamwage kila asubuhi, na usisafiri na maji ndani ya kitanki yakaingia kwenye mota.

Kuhusu kuivua usingizini, hiyo inawatokea wengi sana mwanzoni na sio dalili kwamba mwili wako umeikataa. Wengine huanza kuivaa mchana wakiwa macho, wanaangalia mpira au taarifa ya habari nayo iko usoni, kwanza bila hewa, halafu na hewa, mpaka uso unazoea. Haya mambo yalianzia Sydney Australia mwaka 1980, dokta Colin Sullivan na wenzake walitumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi, kelele yake fikiria mwenyewe, na kabla ya hapo mgonjwa wa hali kama yako tiba ya uhakika ilikuwa kutobolewa koo. Nakuambia hivi ili rubani ajue anarusha ndege ya kisasa.

Nije kwa wifi yangu, mama watoto. Wewe umeandika anacheka na anageuza mgongo, na nimeona imekuuma. Lakini hebu tusome upya ulichoandika mwenyewe. Huyu mwanamke miaka yote alikuwa anakesha anahesabu. Kwake kukoroma ilikuwa habari njema, maana yake uko hai, na kimya ndo kilikuwa kinamtisha. Sasa umeleta mashine inayokufanya unyamaze usiku mzima, tena kwa maski inayomkumbusha msiba. Je kuna mtu alimkalisha akamweleza kwamba kimya hiki cha sasa ni kizuri? Kwamba ile sio oksijeni ya wodini, hakuna mtungi wala gesi, ni hewa ile ile ya chumbani kwenu inasukumwa kidogo ili koo lisijifunge? Naweza kuwa nakosea, wewe ndo unaishi naye, ila inawezekana anageuka upande wa pili ili asione, na hiyo ni tofauti na kudharau. Ningekuwa wewe ningemuuliza kabla sijahitimisha. Na yale ya chumbani uliyoyaruka, kwa wanaume wengi yanatokana na hii hii apnia, kama ilivyo presha isiyosikia dawa na kukojoa usiku. Wapo wanaoona nafuu wakishazoea mashine, sio wote, lakini ni jambo la kumwambia dokta wazi bila aibu. Huenda hata yeye mama anajilaumu kwa jambo ambalo halimhusu.

Haya, bosi. Unaniuliza nimwambie au nisimwambie, mimi nauliza kwanza, hii siri ni ya watu wangapi sasa hivi? Utingo ndo aliyekushika bega. Anajua unavyolala, anajua ulivyosinzia, na siku ukitoa bomba kwenye begi pale Tunduma parkingi nzima itajua kabla hujafunga mikanda. Kwa hiyo njia ya kimya kimya ipo lakini sioni kama itakaa kimya muda mrefu, na bosi akisikia kwa mtu mwingine atauliza kwa nini hukumwambia, hapo undugu wenu unaanza kuwa mgumu. Halafu kutumia nyumbani tu nusu ya mwezi maana yake nusu nyingine koo linajifunga kama zamani, na hiyo nusu ndo uliyo barabarani. Na likitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, cheti cha hospitali chenye ile 41 kina tarehe. Bima na polisi wanasoma tarehe.

Kumwambia nako kuna hatari zake na sizifichi. Anaweza kuogopa akakuweka yadi kesho yake. Anaweza kukubali mdomoni halafu safari zikawa zinapungua pungua. Ila mfano wa yule mwenzako wa macho nauona umeubeba wote ulivyo bila kuugeuza. Macho yake yalikuwa yanatibika? Aliomba kitu gani, au aliambiwa tu kaa yadi akakaa? Mtafute umuulize, yuko pale pale yadini. Apnia ni tofauti kidogo kwa sababu ikitibiwa vizuri mtu anarudi kazini. Uingereza dereva wa lori mwenye hali kama yako na kusinzia mchana anasimamishwa, lakini dalili zikidhibitiwa anaruhusiwa kurudi na anakaguliwa angalau kila mwaka. Marekani nako wapo madereva wengi tu wanaoendesha na mashine ndani ya kichwa cha gari. Sisemi bosi wako anafuata sheria za huko, nasema tu hii sio hukumu ya kustaafu.

Katikati ya kusema leo na kunyamaza kabisa kuna njia nyingine, zipime na mkeo. Mojawapo ni kuchukua likizo yako au ruhusa ya wiki kadhaa, urekebishiwe mashine, uzoee, halafu umwendee bosi ukiwa na kitu mkononi. Mashine nyingi zina kadi ndogo ya kumbukumbu au zinatuma taarifa zenyewe, zinaandika umelala nayo saa ngapi kila usiku na pumzi imekatika mara ngapi. Marekani kipimo kinachotumika sana ni angalau saa 4 kwa usiku, kwa asilimia 70 ya siku. Mtu anayeingia ofisini na karatasi inayoonyesha kutoka 41 mpaka 4 anaongea lugha tofauti na anayesema bosi mimi nasinzia. Hatari yake? Wiki hizo hakuna posho, na bosi atauliza likizo ya nini wakati mizigo imejaa, sasa utamjibu ukweli au utamdanganya halafu urudi kumwambia ulidanganya? Hilo ni gumu, lifikirie mapema. Nyingine ni kuomba safari za karibu kwa muda, bandarini na yadi za kontena, ulale nyumbani kila siku. Lakini kumbuka usukani ni usukani, hata Ubungo watu wanavuka barabara, kwa hiyo hii ni baada ya dokta kusema sawa, na bado pesa itapungua. Kuacha barabara moja kwa moja naona umeliandika kwa hasira zaidi kuliko kwa hesabu, au nimekusoma vibaya?

Umeme wa kwenye gari usikuumize kichwa sana. Gari lako ni volti 24, mashine nyingine zinakula 24 na nyingine 12, kuna adapta zake maalum za kila mashine, fundi asikuungie waya moja kwa moja kwenye betri hata akiwa rafiki. Ukizima kile cha kupasha maji moto inakula umeme kidogo sana.

Wezi wa dizeli sasa. Nimecheka kidogo nisamehe. Hivi ule usingizi wa zamani ulikuwa unamsikia mwizi, au ulikuwa unaamka kwa kukosa pumzi halafu ukajiona mlinzi? Hofu yako ni ya kweli sikatai, dizeli inaibwa na inakatwa kwenye mshahara. Ila utingo ambaye sasa hana sababu ya kukimbilia chini ya tela mnaweza kupanga zamu, na parkingi yenye taa na walinzi gharama yake ingiza kwenye mazungumzo na bosi siku hiyo hiyo. Mambo mengine madogo yanasaidia pembeni, kulala ubavu badala ya chali, kupunguza uzito kama upo, kuacha bia na vidonge vya usingizi maana vinalegeza koo zaidi. Havichukui nafasi ya mashine kwa mtu wa 41 lakini vinaisaidia.

Siku ya kliniki beba kila kitu, mashine, maski, bomba, waya na hiyo kadi. Na mwende na mama watoto, mwache yeye ndo amweleze dokta usiku unavyokuwa, manake wewe muda wote huo ulikuwa umelala.